Gagulo la Gari Letu

Ndugu yangu, mie nimekwisha kuwa mtu mzima, nina goti bovu na miwani inayopotea kila siku, lakini mwezi uliopita mkanda wa plastiki ulinitoa machozi mbele za watu. Nilikuwa Ilford, huku London, nimekwenda kununua muhogo na papa mkavu. Boksi la muhogo lilifungwa kwa ule mkanda mgumu wa njano. Muuzaji akaukata kwa kisu, akautupa chini. Nikainama nikauokota, na kabla sijajua ninafanya nini, vidole vimeshaanza vyenyewe: juu, chini, kunja, vuta. Kijana wa dukani akanikodolea macho. Potelea mbali, nikasema moyoni, na badala ya kurudi nyumbani nikapanda basi la Barking.

Pale tulipokaa pamejengwa maghorofa. Zamani palikuwa uwanja wa matope nyuma ya gereji, karibu na mto, umejaa vyuma chakavu. Siku hizi ni vioo mpaka juu, na mlinzi yupo. Akanijia taratibu, akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu, nalitafuta gari. Akasema hapa hayaegeshwi magari ila ya wenye nyumba. Nikamjibu, "Na mie ni mwenye nyumba. Nyumba yenyewe ndiyo hilo gari." Akacheka, akanionyesha njia ya kutokea. Sikutoka ng'o. Nilikaa juu ya kiukuta cha maua, mfuko wa muhogo mapajani, mpaka niliporidhika mwenyewe.

Sisi ni watu wa Unguja. Baada ya mapinduzi, Bibi yangu mzaa baba aliambiwa nyumba yake si yake tena, akapewa muda wa kuchukua anachoweza kubeba. Wenziwe walibeba dhahabu, walibeba masufuria. Bibi alibeba mkeka mmoja na shazia, ile sindano ndefu ya kushonea mikeka. Mkeka ule, mwekundu na zambarau, alisukiwa na mama yake kwa kazi moja tu: siku akifa, alazwe juu yake apelekwe kaburini. Kwetu mtu mzima anayejiheshimu huviweka tayari vitu vyake vya safari ile, asije akawahangaisha watu. Tukapitia Mombasa, ndiko nilikozaliwa mie, na mwisho tukaangukia London: baba, mama, Bibi, mie, na mkeka.

Tulipanga vyumba mpaka tukachoka. Kila mwenye nyumba ana lake. Huyu hataki harufu ya papa, yule kikohozi cha Bibi kinamkera, mwingine hataki mtoto. Basi siku moja baba akaja na funguo. Kalinunua gari-nyumba kuukuu kwa mfanyakazi mwenziwe wa ghalani: gari refu, rangi yake ya maziwa yaliyochacha, ndani mna vitanda, jiko la gesi na kichoo cha kujibana. Mwenye gereji, Mwingereza mkavu wa maneno, akatukubalia tuliegeshe uwanjani kwake kwa masharti mawili. Msichimbe chini, akasema, na msipigilie kitu chochote ubavuni, maana huenda siku moja likatakiwa kuondoka. Injini yenyewe haikuwa ikiwaka. Liondoke liende wapi? Lakini tulikubali.

Kiangazi tulikuwa wafalme, nakwambia. Mlango wazi, redio ya baba imewekwa kwenye kiti cha dereva, mama anapika mkate wa kumimina, hiliki inanukia mpaka mafundi wa gereji wanatoa vichwa chini ya magari yao. Mie kazi yangu kuchota maji kwenye bomba la gereji na kufagia mbele ya mlango, kwa sababu Bibi alisema hata matope yana adabu yake. Mvua ikinyesha, tuliisikia juu ya bati kama mtu anamwaga mchele. Nilikuwa na miaka tisa, na sikuona kwamba tumekosa kitu.

Baridi ilipoingia ufalme ukaisha. Watu hudhani baridi huingia mlangoni. Wapi! Inatoka chini. Upepo wa mtoni ulikuwa ukipita baina ya magurudumu na kuilamba ile sakafu kutwa kucha. Maji yaliganda ndani ya mpira wa bomba. Soksi ukiiacha chini, asubuhi unaikuta imekakamaa. Bibi alisali na makoti mawili, na kila akisujudu kikohozi kinampanda. "Gari hili halina gagulo, halina nguo ya ndani," alikuwa akisema huku anatafuta pumzi. "Limesimama miguu wazi mbele za watu, halioni haya. Vipi lisiingiwe na baridi?" Sisi tulicheka. Yeye hakuwa anacheka.

Daktari alipokisikiliza kile kifua akaandika barua, na barua ile ikamleta mama wa kaunsili, yaani halmashauri ya mji. Mwanamke mrefu, koti la kijivu, sauti ya upole. Upole wake ndio ulionitia hofu. Baba na mama walikuwa kazini. Mkalimani ni mie, ndio kwanza nimetoka skuli, mkoba bado uko mgongoni. Akaingia na viatu vyake mpaka pale Bibi anaposalia, akaweka kiganja sakafuni, akakiondoa upesi. Akasema mzee mwenye kifua kile hawezi kuumaliza msimu wa baridi humu. Iko nyumba ya wazee, ina joto, chakula mara tatu. Je, bibi yako atakubali kwenda?

Nikamfasiria Bibi. Bibi akamtazama yule mama kuanzia viatu kupanda juu. "Mwambie hivi. Walionitoa nyumbani kwangu mara ya kwanza walikuwa na bunduki. Yeye ana kalamu tu. Afunge kitabu chake aende zake."

Sasa mie nifanyeje? Mgeni kaingia, hata chai hajapewa, nimwambie aende zake? Kwetu mtoto hampelekei mgeni maneno kama hayo. Mama angeninyofoa masikio. Nikalamba midomo, nikasema kwa Kiingereza changu cha skuli, "Bibi anasema ahsante sana." Yule mama akatabasamu, akaandika. Akauliza, kwa hiyo amekubali? Nikaitikia kwa kichwa ili yaishe. Akafunga kitabu chake, akaenda zake kweli, na Bibi akaniambia, "Umeona? Watu hawa ukisema nao vizuri wanaelewa."

Barua ilikuja baada ya wiki moja. Baba aliisoma amesimama, kofia hajavua. Kwa kuwa bibi mwenyewe ameridhia, nafasi imetengwa. Atafuatwa Alkhamisi, baada ya wiki sita, na afisa mwenyewe atakuwapo.

"Nani karidhia?" aliuliza Bibi.

Nikaona macho yote yananijia mie. Nililia mpaka kwikwi ikanishika, nikasema yote. Mama alishainua mkono. Bibi akamzuia, akanivuta kwake, akanishika kidevu. "Sikiliza, mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wa kike kwetu. "Mie nikisema moto, wewe sema moto. Usinipoze." Nikamwambia naam. Sijawahi kuona haya maishani mwangu kama siku ile.

Baba akaenda kupiga simu gerejini, akarudi na habari. Afisa, yule mama wa koti la kijivu, amesema neno moja tu: ataipima sakafu siku ile ile. Ikiwa na joto, Bibi anabaki. Ikiwa barafu, anakwenda. Bibi alikuwa anahesabu kwa vidole. "Wiki sita," akasema, "zinatosha kushona gagulo."

Baba alianza na mbao. Kazipanga kuzunguka gari, kashika nyundo, mwenye gereji huyo anatoka, mikono yote grisi. Akamkumbusha masharti: hapana kuchimba, hapana misumari. Tena akasema, ukilifunga gari kwa mbao pande zote unyevu unabaki chini, na sakafu itaoza kabla ya kiangazi. Kisha akarudi zake ndani. Baba alikaa juu ya zile mbao, mabega yamemshuka. Alikuwa mtu hodari baba yangu, lakini siku ile alikuwa amechoka na kuomba ruhusa.

Bibi akamwita kutoka dirishani. "Ile mikanda inayofungia maboksi kazini kwenu, wanaifanyia nini?"

"Wanaitupa, mama."

"Basi ilete."

Akaileta kwa magunia. Nyeupe, njano, buluu, nyeusi, imejipindapinda na kunuka vumbi la ghala. Kazi yangu ilikuwa kuipangusa kwa kitambaa chenye maji ya moto, kuinyoosha, na kuitenga kwa rangi. Bibi akakaa kitandani, akaikamata mikanda saba, akaanza kusuka ukili, ule utepe mrefu ambao wanawake wa kwetu hushona mikeka kwa kuuunganisha safu juu ya safu. Kwetu husukwa kwa majani ya mkindu. "Plastiki nayo ni jani," akasema, "ila halijui kufa." Mikanda ile ilikuwa mikali, ilitukata vidole, tukavipaka mafuta ya nazi, tukaendelea. Mama akirudi kazini, hata kofia hajavua, anaukamata ukili pale nilipouachia. Jikoni chai ya tangawizi haikukatika.

Tulikuwa na jirani, mama wa Kihindi mwenye duka la mboga barabarani, mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Alipopata habari alikuja na magunia ya viazi matupu, kayabeba mgongoni, mwanamke mzima yule. "Bi mkubwa," akamwambia Bibi, "mie kusuka sijui, lakini kujaza najua." Akakaa mlangoni anayajaza magazeti ya zamani, anayafunga midomo kwa kamba. Hayo yangepangwa nyuma ya jamvi, yaani hilo gagulo, kuzuia upepo. Alikuwa akiwatukana wenye vyumba wote wa London mmoja mmoja, kwa zamu, mpaka Bibi anacheka na kukohoa.

Skuli mwalimu aliona vidole vyangu vimekatikakatika, akaniuliza tunafanya nini nyumbani. Nikamwambia tunalishonea gari nguo. Darasa zima likavunjika mbavu. Zamani ningelia. Safari ile nikawaambia wacheke vizuri, na mie nikacheka nao, kwa sababu nilikuwa ninajua kitu ambacho wao hawakijui.

Na kazi ilikuwa nzuri, nisikufiche. Bibi alishona ukili kwa shazia lake, safu nane kwenda juu, kimo cha kutoka chini ya ubavu wa gari mpaka ardhini. Pindo la chini alilishona mara mbili, akaliacha tundu kama la kutilia kamba ya suruali. Humo tukajaza mchanga ili upepo usilipeperushe. Juu akatia vitanzi vya kuning'inizia kwenye ule ukingo wa chuma uliozunguka gari. Hakuna kuchimba, hakuna msumari. Na kwa kuwa ukili una vijitundu, unyevu ungepata pa kutokea. Mwenye gereji alikuja, akalivuta pindo, akalinyanyua, akaliachia. Akasema, "Mm." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Jumatano, kesho yake ndiyo siku yenyewe, tukalivisha gari. Tulianzia kulia mwa mlango, tukazunguka nyuma, ubavu wa pili, mbele, tunarudi mlangoni, na jamvi likaisha. Likaisha kabla ya kufika! Palibaki wazi pale pale chini ya mlango, kiasi cha urefu wa mtu aliyelala. Upepo ukaona njia, ukaingia hapo kwa nguvu zote ulizozuiliwa kwingine. Baba akaapa kwamba alipima: mikono thelathini na sita, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Bibi akaapa kwamba alishona mikono thelathini na sita, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Wote wakweli. Ila baba alipima kwa mkono wake, mrefu kama upondo, na Bibi akashona kwa mkono wake, nao mfupi, kila mtu anaujua. Gerejini hapo hapo mlikuwa na futi ya kupimia, imetundikwa ukutani. Ndivyo tulivyolelewa, mkono wako ndio kipimo chako, na nani angethubutu kuupima mkono wa mwenziwe?

Mama akashika kichwa. Mikanda imekwisha, na kusuka kiasi kile kungetaka siku nne. Baba akaleta blanketi, upepo ukalirusha. Mie nikaanza kulia upya, kwa sababu nilijua kosa la kwanza lilikuwa langu. Bibi akaweka shazia chini. Akapanda ndani ya gari, tukamsikia anafungua kasha chini ya kitanda chake, akatoka na ule mkeka mwekundu.

"Mama," baba akasema, "huo si ndio mkeka wako wa..."

"Wa kuzikiwa. Najua ni wa nini, ni wangu." Akaukunja katikati kwa upana, akaupima pale palipo wazi. Ukaenea sawasawa. "Na mie sifi mwaka huu. Lete shazia."

Akaushona mwenyewe, amepiga magoti kwenye matope, hataki msaada wa mtu. Kila alipochoma shazia alikuwa akisema, "Thubutu!" Sijui alikuwa akimwambia nani. Huenda ni baridi, huenda ni kaunsili, huenda ni wale wa zamani. Tulipanga magunia ya magazeti nyuma yake, tukaingia ndani, na mama akaanza kukaanga mandazi. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu majani yadondoke, Bibi alisujudu na kuinuka bila kukohoa.

Alkhamisi asubuhi mama wa kaunsili akaja, na dereva, na gari lenye joto likiunguruma. Sikwenda skuli. Bibi alikuwa amevaa buibui lake zuri, kakaa mlangoni amenyooka.

"Mwambie avue viatu."

Nikavuta pumzi. "Bibi anasema vua viatu. Mara ile uliingia navyo mpaka mahali anaposalia, na hakupenda." Uso ulimwiva yule mama. Akainama akavivua, akaingia na soksi zake. Akasimama katikati ya gari. Niliiona miguu yake ikisubiri ubaridi, vidole vimejikunja, kisha vikajikunjua kimoja kimoja. Akapiga magoti, akaweka kiganja sakafuni. Safari hii hakukiondoa.

"Kuna jambo lingine," nikasema, na hapo hakuna aliyenituma. "Mara ile nilikudanganya. Bibi hakusema ahsante. Alisema waliomtoa nyumbani kwake mara ya kwanza walikuwa na bunduki, na wewe una kalamu tu, na ufunge kitabu chako uende zako."

Mama yangu akafunika uso. Bibi akaniuliza, "Umesema moto?"

"Nimesema moto, Bibi."

Yule mama akageuka akatazama mlangoni. Kisha akauliza, kwa nini pale mlangoni pana mkeka mwingine, mwekundu? Nikamuuliza Bibi, na Bibi akajibu, nikayapeleka maneno yake yote bila kupunguza hata moja: ule ni mkeka wa kuzikiwa yeye, kaushona hapo kwa sababu hauhitaji bado, na atakayetaka kumtoa humu aukanyage kwanza.

Yule mama akafungua kitabu chake, akachora mstari juu ya maneno aliyoyaandika siku ile, mstari mrefu, kisha wa pili. Akatoka na soksi zake kwenda kumwambia dereva azime injini. Akarudi, akanywa chai ya tangawizi vikombe viwili, akala mandazi manne. Bibi akasema, "Huyu hana ubaya. Alikuwa hajaambiwa tu."

Tulikaa mle miaka saba zaidi. Kila vuli tulilivisha gari gagulo lake, kila kiangazi tukalivua, tukalifua kwa brashi, tukalianika juu ya uzio, rangi zake zinawaka mpaka abiria wa treni wanageuza shingo. Mkeka mwekundu haukufika mbali. Mvua ya mwaka wa pili iliulainisha, wa tatu ukaoza, wa nne ukawa nyuzi. Bibi alikuwa akiutazama kila anapopita, na hakuutoa hata siku moja.

Alikufa Aprili, baridi imeshakwisha, kitandani kwake mle mle garini. Mkeka wa kumlazia haukuwapo. Baba akatoka nje na kisu, akakata kipande cha gagulo pale karibu na mlango, urefu wa mtu. Sheikh alipokiona akasita, akasema si desturi, kitu cha plastiki. Mama yangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumjibu mwanamume mwenye kilemba, akamwambia, "Kakisuka mwenyewe. Wa kwake alitugawia sisi." Sheikh akakipokea kwa mikono miwili, akakitandika mwenyewe kaburini.

Gereji imekwenda. Gari lilikatwakatwa likawa vyuma. Mama wa duka la mboga hayuko, baba na mama hawako, na wanangu nikiwaambia neno ukili wananijibu kwa Kiingereza. Yote hayo nilikuwa nikiyafikiri juu ya kile kiukuta cha maua, na mlinzi ananizunguka anatazama saa yake. Nikakitia mfukoni kile kikanda cha njano nilichokwisha kukisuka, nikainuka kwa wakati wangu. Bibi alisema plastiki haijui kufa. Basi yuko pale pale tulipomlaza, juu ya gagulo lake, na safari hii hakuna wa kumwambia ahame.